Vigeuzi vya ishara katika Mchezo wa Maisha: maswali tunayoulizwa Dodoma

Kikundi chetu hapa Dodoma hukutana Jumamosi mchana, kwa laptop na simu, kuchezea otomata za seli, yaani ubao wa miraba inayobadilika hatua kwa hatua kwa sheria chache; tunaoupenda zaidi ni Mchezo wa Maisha. Kila anapokuja mgeni maswali ni yale yale, na mengi yanazunguka jambo moja: vigeuzi, yaani vimaumbo vinavyopokea ishara ya aina moja na kutoa ya aina nyingine. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Anayejua sheria za mchezo aruke maswali mawili ya mwanzo.

Mchezo wa Maisha ni kitu gani? Ni wa kubeti?

Hapana. Hakuna mkeka wala odi, na hakuna anayeshinda. Una ubao wa miraba usio na mwisho. Kila mraba ni seli, ama hai ama mfu, na imezungukwa na majirani 8. Seli mfu ikiwa na majirani hai 3 kamili, inazaliwa. Seli hai ikiwa na majirani hai 2 au 3, inaendelea kuishi. Nje ya hapo ni kifo. Seli zote hubadilika kwa pamoja, na kila badiliko moja tunaliita kizazi. Sheria hizo alizitunga John Conway, mwanahisabati wa Cambridge nchini Uingereza, na dunia ikazijua kupitia safu ya Martin Gardner kwenye jarida la Scientific American la Oktoba 1970.

Ukishaupanga ubao wa mwanzo, mkono wako umekwisha kazi. Hakuna bahati nasibu ndani yake. Ubao ule ule utaleta matokeo yale yale, ukiuendesha leo au mwaka ujao.

Ishara ni nini humu ndani? Ni kama ya simu?

Ni umbo lolote linalosafiri, au mlipuko unaoweza kusogezwa, ambao kufika kwake mahali fulani kwa wakati fulani kunabeba habari. Ishara maarufu kuliko zote ni glaida, yenye seli 5:

.O.
..O
OOO

Chukua karatasi ya grafu na penseli, uiendeshe kwa mkono vizazi 4. Utapata umbo lile lile, limesogea mraba mmoja kwa mshazari kuelekea chini kulia. Ifanye kwa mkono walau mara moja, usiiachie programu. Ukishajionea jinsi seli tano zinavyojivua na kujivaa upya, mengine yote hapa chini yatakuingia.

Glaida ikifika tunahesabu 1, isipofika tunahesabu 0. Kuna vyombo vingine vinavyokwenda wima au mlalo kwa mraba mmoja kila vizazi 2, yaani kwa kasi iliyo juu zaidi. Na kuna ishara zisizosafiri zenyewe, ambazo lazima zishikwe mkono. Nazigusa hapo chini.

Sasa kigeuzi kinafanya kazi gani?

Abiria anashuka SGR kutoka Dar, nje ya stesheni anapanda bodaboda kwenda Chang'ombe. Abiria ni yule yule, kilichobadilika ni chombo. Kigeuzi ndiyo ile stesheni: inaingia glaida, inatoka Herschel (mlipuko wa seli 7 nitakaouonyesha hapo chini), au inaingia Herschel, inatoka glaida mbili na chombo cha mlalo. Habari imepita, umbo limebadilika.

Tunabadilisha kwa sababu kila ishara ina tabia yake. Glaida inakwenda mbali bila kugharimiwa chochote, ila huwezi kuikunja kona bila kuigonganisha na kitu. Herschel haiendi mbali ikiachwa peke yake, ila ukiizungushia vitu sahihi inakubali kugeuzwa, kugawanywa na kucheleweshwa. Kwa hiyo safari ndefu anapewa glaida na kazi za karibu anapewa Herschel. Ukitaka zote mbili kwenye mtambo mmoja, unahitaji vigeuzi katikati.

Herschel inaonekanaje?

Hivi, seli 7:

O..
OOO
O.O
..O

Ukiiweka peke yake ubaoni italipuka. Kwenye kizazi cha 21 glaida ya kwanza inachomoka, na kufikia kizazi cha 128 vumbi limetulia: zimebaki bloku mbili (vimraba vya seli 4 visivyobadilika), meli ndogo moja iliyosimama, na glaida mbili zinazokwenda zake.

Hapo ndipo penye siri ya nusu ya vigeuzi vyote. Kupata glaida kutoka kwenye Herschel ni rahisi kwa kuwa Herschel inaitoa yenyewe. Kazi yako ni kufagia mabaki tu. Kinyume chake ndicho kigumu. Glaida inayogonga umbo tulivu, yaani lisilobadilika lenyewe, kwa kawaida hulivunja, au inaacha rundo lisilo na mwelekeo. Ili upate Herschel, lazima uweke chambo cha kugongwa, mlipuko uongozwe hadi uzae Herschel, na chambo kile kile kijijenge upya mahali pale pale. Hilo la mwisho ndilo lililowatoa watu jasho kwa miaka.

Mbona mnasisitiza sana kigeuzi "kurudi"? Si muhimu ni kinachotoka?

Hili ndilo swali ninalolisubiri, maana mgeni hufurahia kinachotoka na kukisahau kilichobaki.

Kugeuza umbo moja kuwa jingine mara moja si kazi. Tupa glaida kwenye maumbo tulivu yaliyotawanyika, endesha, na mapema tu utaona mlipuko wenye Herschel ndani yake. Utashangilia. Kisha tuma glaida ya pili kwenye njia ile ile, na hakuna kinachotokea, kwa sababu ya kwanza iliubomoa mtambo. Ulichokuwa nacho ni fataki.

Kigeuzi cha kweli kinatimiza masharti mawili. La kwanza, baada ya ishara kupita, kila seli yake iliyokuwa hai iwe hai tena mahali pake, na kusiwe na hata seli moja ya ziada. Bloku ikisogea mraba mmoja, umeshindwa. La pili ni muda: vizazi vingapi vinapita kabla hakijawa tayari kupokea ishara nyingine? Namba hiyo ndiyo ninayoiuliza kwanza mtu akiniletea kigeuzi, kabla hata sijatazama kinachotoka.

Ina uzito kwa sababu ndiyo inayoweka ukomo wa kasi ya mtambo mzima. Glaida zinaweza kufuatana kwenye msururu mmoja zikiwa zimeachana kwa vizazi 14 tu, lakini ukiwa na kigeuzi kinachohitaji vizazi 500 kujikusanya, msururu wote utasubiri hicho kimoja.

Hiyo historia ya viakisi tulivu ikoje?

Kiakisi ni kigeuzi kinachopokea glaida na kutoa glaida, ila ikielekea upande mwingine. Kinaitwa tulivu kikiwa hakina sehemu inayocheza wakati hakuna ishara. Cha kwanza alikiunganisha Paul Callahan mnamo Oktoba 1996, na kilihitaji vizazi 4840 kabla ya kupokea glaida nyingine. Kilifanya kazi, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Baada ya hapo namba ikaanza kushuka. Ndani ya muda mfupi ikafika 850. Mwaka 1998 ikawa 497. Mwaka 2001 Dave Greene akaleta cha 202, na mwaka 2009 Adam P. Goucher akaleta cha 106. Kisha Aprili 2013 Mike Playle, akitumia programu yake ya kutafutia inayoitwa Bellman, akapata Snark: kiakisi kidogo kinachogeuza glaida nyuzi 90 na kuwa tayari tena baada ya vizazi 43.

Tazama kilichopunguzwa. Glaida inayoingia na glaida inayotoka ni zile zile tangu 1996. Miaka 17 yote ilikwenda kwenye kurudi.

Kwa nini 43 iliwasisimua watu hivyo?

Panga Snark 4 pembeni mwa mstatili uliokaa mshazari, uingize glaida. Itazunguka milele, ikigeuzwa kila kona. Ukiusogeza upande mmoja wa mstatili mraba mmoja nje, njia inarefuka miraba miwili, moja kwenda na moja kurudi. Na kwa kuwa glaida hutumia vizazi 4 kwa mraba, umeongeza vizazi 8. Cheza na urefu huo pamoja na idadi ya glaida zilizomo, na utapata umbo linalojirudia kwa kipindi chochote (idadi ya vizazi kabla ya kujirudia) ukitakacho, mradi glaida hazifuatani kwa chini ya vizazi 43.

Kabla ya hapo, mifereji ya Herschel (vigeuzi vya kuihamisha Herschel, vinavyofuata hapo chini) ya Dave Buckingham ya miaka ya 1990 ilikuwa imeshafungua vipindi vyote kuanzia 61. Snark ikaziba mapengo yaliyobaki kati ya 43 na hapo, yaani 43 yenyewe na 53. Vilivyosalia vilikuwa vidogo zaidi, ambavyo haviwezi kutengenezwa kwa kuzungusha glaida kwenye Snark, na watu wakavitafuta kimoja kimoja kwa mbinu nyingine. Vya mwisho, 19 na 41, vilipatikana mwaka 2023. Sasa hakuna kipindi ambacho Mchezo wa Maisha hauna.

R64, Fx77, F117... hizi ni namba za magari?

Ni majina ya mifereji ya Herschel, yaani vigeuzi vinavyopokea Herschel na kutoa Herschel mahali pengine. Herufi ni mwelekeo: F ni mbele, L kushoto, R kulia, B nyuma. Herufi x ndogo inasema kinachotoka kimepinduliwa kama kwenye kioo. Namba ni idadi ya vizazi. Kwa hiyo R64 inaipeleka Herschel kulia kwa vizazi 64, na Fx77 inaipeleka mbele, imepinduliwa, kwa vizazi 77. Zote mbili ni za Buckingham.

F117 ina funzo zuri kuliko hizo. Ukiichunguza ndani ni vigeuzi viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza kinaitwa HFx58B: inaingia Herschel, inatoka heptomino-B, umbo jingine la seli 7 linalokwenda mbio kwa muda mfupi, mbele, limepinduliwa, kwa vizazi 58. Cha pili ni BFx59H: inaingia heptomino-B, inatoka Herschel, imepinduliwa tena, kwa vizazi 59. Jumlisha 58 na 59. Na kupinduliwa mara mbili ni kurudi ulivyokuwa, ndiyo maana F117 haina x. Mtu akielewa jina hili moja, anaweza kusoma orodha nzima ya mifereji bila kuona picha.

Yale maumbo madogo yanayowekwa pembeni yanafanya nini?

Ni vichocheo, kwa maana ile ile ya somo la kemia: yanaelekeza mlipuko na yanabaki yalivyo. Maarufu zaidi ni mlaji, mwenye seli 7:

OO..
O.O.
..O.
..OO

Glaida ikimjia kwa njia sahihi, anaguswa, anaharibika kidogo, na ndani ya vizazi 4 glaida haipo na yeye yuko kama kwanza. Punguza kasi ya programu uitazame hatua kwa hatua. Halafu msogeze mraba mmoja tu uone fujo itakayotokea. Zoezi hili la pili watu hulikwepa, na ndilo linalofundisha.

Glaida kugeuzwa kuwa Herschel sasa hivi kunafanyikaje?

Kwa kifaa kinachoitwa Syringe, alichokipata Tanner Jacobi Machi 2015. Ni kidogo, ni tulivu, na kinakuwa tayari tena baada ya vizazi 78. Kabla yake vigeuzi vya kazi hiyo vilikuwa vikubwa na vizito. Leo ukiona mtambo mkubwa uliojengwa baada ya 2015, kuna uwezekano mkubwa utaikuta Syringe mahali glaida inapoingia.

Ukishakuwa na Herschel mlango uko wazi. Kutoka hapo kuna njia za kupata glaida ya upande wowote, chombo cha mlalo, au heptomino-B. Ndiyo maana naiona Syringe kuwa kigeuzi chenye faida kuliko Snark, ingawa Snark ndiyo yenye jina. Wenzangu wengi kikundini wananibishia.

Glaida inafika mahali sahihi lakini haigongi inavyotakiwa. Nimekosea wapi?

Pengine ni rangi. Paka ubao wote rangi mbili kwa kupokezana, nyeupe na nyeusi. Kwa kuwa glaida inakwenda mshazari, kila inaporudi kwenye umbo lake lile lile, seli yake ya mbele inakanyaga rangi ile ile. Glaida ya njia nyeupe haitaingia njia nyeusi kwa kusubiri, hata uichelewesha vizazi milioni. Snark haibadilishi rangi. Kuna viakisi vingine vinavyoibadilisha. Rangi ikikukataa, kuongeza Snark ya pili na ya tatu hakutakusaidia. Weka kiakisi cha aina ile nyingine mahali fulani njiani.

Kama si rangi, angalia wakati. Kuna vigeuzi visivyo tulivu, vinavyopiga mapigo yao wakati wote, mfano vile vinavyotegemea umbo la kipindi cha 30, ambalo ndilo lililozaa pia mtambo wa kwanza wa kufyatua glaida, wa Bill Gosper wa Novemba 1970. Vya namna hiyo hupokea ishara kwenye vizazi fulani tu. Ukichelewa kizazi kimoja, umelipua kila kitu.

Kweli unaweza kutengeneza kompyuta kwa hivi?

Kweli, na imeshafanyika. Glaida mbili zikigongana kwa namna fulani zinafutana zote, na hapo umepata msingi wa geti la mantiki: msururu mmoja unapita pale tu ambapo msururu mwingine haukuwepo. Ongeza vigeuzi vya kugawanya ishara, na maumbo ya kutunza kumbukumbu. Uthibitisho kwamba inawezekana ulichapishwa mwaka 1982 na Berlekamp, Conway na Guy. Paul Rendell alijenga mashine ya Turing, yaani kompyuta sahili ya kinadharia, inayoonekana kwa macho mwaka 2000.

Usitegemee kasi lakini. Hesabu ambayo simu yako inaimaliza kabla hujapepesa macho, humu itakula mamilioni ya vizazi.

Itanisaidia kupata ajira?

Moja kwa moja, hapana, na anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Hakuna tangazo la kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, linalotaka mtu anayejua Syringe. Ila wanafunzi wa kompyuta wanaokuja kwetu kutoka vyuo vya hapa mjini huniambia kwamba somo la saketi liliwafunguka baada ya kupigana na muda wa vigeuzi, kwa sababu humu huwezi kuficha kuchelewa kwa ishara. Unaihesabu kizazi kwa kizazi. Vinginevyo, sisi tunacheza kwa sababu tunapenda.

Nahitaji kompyuta ya aina gani?

Yoyote. Programu inayotumika zaidi ni Golly, ya Andrew Trevorrow na Tomas Rokicki. Ni ya bure na inakwenda hata kwenye laptop chakavu. Ndani yake kuna mbinu aliyoibuni Gosper, inayoitwa Hashlife, ambayo inakumbuka vipande ilivyokwisha kuvihesabu, kwa hiyo mitambo inayojirudiarudia inaruka mamilioni ya vizazi kwa sekunde chache. Kwa simu, tumia LifeViewer kwenye kivinjari. Umeme ukikatika katikati ya kazi usilaumu mchezo. Jizoeze kuhifadhi faili kila mara.

Vigeuzi vipya vinatafutwaje?

Zamani kwa jicho na subira. Siku hizi kwa programu: unaipa ishara inayoingia, unaipa orodha ya vichocheo, nayo inajaribu kuvipanga kila mahali karibu na mlipuko, ikitupa kila mpangilio ambao vichocheo havikurudi. CatForce ya Michael Simkin ndiyo tunayoanza nayo sisi. Iache usiku kucha, asubuhi upitie ilichobakiza. Mengi hayana maana. Ondoa kwanza yale yanayotoa vumbi lisilosafishika.

Nadhani nimepata kigeuzi kipya. Nikilete?

Kilete, lakini kijaribu kwanza. Tuma ishara mbili zikiwa zimeachana sana, tuseme vizazi 1000, uhakikishe zote mbili zimetoka sawasawa na maumbo yote yamebaki mahali pake. Kisha punguza nafasi kidogo kidogo hadi kigome, uandike namba ya mwisho iliyokubali. Usiishie hapo: shuka chini zaidi kizazi kimoja kimoja, kwa sababu baadhi ya vigeuzi hukataa nafasi fulani halafu hukubali nyingine iliyo fupi zaidi, ishara ya pili ikiingia mabaki ya ya kwanza yakiwa bado yanachemka kwa namna isiyoidhuru. Linganisha pia na vinavyojulikana baada ya kukigeuza pande zote na kukipindua, maana umbo moja linaweza kukaa kwa namna 8 na ukadhani ni geni. Kikipita yote hayo, njoo na faili pamoja na ile namba. Ukija na picha ya skrini peke yake, tutakurudisha.